Chungu Kikiwa Kidogo, Nani Ale Kwanza?

I. Swali lenyewe

Katika vijiji vya milima ya Kivu ya Kusini, kiangazi huanza mwezi wa sita, na mvua hurudi mwezi wa tisa. Mvua ikirudi, watu hupanda maharagwe na mahindi. Lakini kilichopandwa leo hakiliwi kesho. Mavuno yangojewa mpaka mwezi wa kwanza, na huku akiba ya mavuno yaliyopita yaisha. Miezi hiyo ya kungojea ndiyo miezi ya njaa: jembe lafanya kazi nyingi, na mdomo wapata kidogo.

Njaa ya namna hiyo haiji kwa kishindo. Huingia nyumbani polepole, kama maji ya mvua yanayopenya katika majani ya paa. Kwanza, nyumba iliyokuwa ikila mara mbili kwa siku yala mara moja. Kisha ugali wapungua, na sombe yaongezwa maji. Mafuta ya mawese yatoweka. Samaki wakavu watoweka. Maharagwe yawekwa kwa siku ya Dominika. Baadaye kuku auzwa, na baada ya kuku, mbuzi. Mihogo yang'olewa kabla haijakomaa. Mama na binti wakubwa waenda kulima shamba la mwenye mali, ili jioni wapewe beseni la mihogo. Mtoto mmoja apelekwa kwa shangazi yake. Mwisho kabisa, mbegu zilizotundikwa juu ya moshi wa jiko zateremshwa.

Hayo yote ni maarifa ya watu maskini, wala hapana haki ya kuwacheka. Mwenye nyumba ashindaye miezi minne kwa akiba ya miezi miwili ana akili nyingi kuliko matajiri wengi. Walakini kila shauri la njaa lina bei yake, na bei hiyo sharti ilipwe na mtu fulani. Hapo ndipo linapozaliwa swali la dhamiri: chungu kikiwa kidogo, nani ale kwanza, na nani angoje?

Watu wengi hudhani ya kuwa swali hilo ni la jikoni tu, halina maneno na dini. Hawakudhani hivyo Mitume. Kitabu cha Matendo chasimulia ya kuwa katika kanisa la Yeruzalemu wajane wa upande mmoja walisahauliwa kila siku wakati wa kugawa chakula, nao manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwafukuza walionung'unika, wala hawakusema kwamba mambo ya tumbo ni madogo. Waliwaita waamini wote, wakachaguliwa watu 7 wenye sifa njema na wenye kujaa Roho Mtakatifu, wakawekewa mikono, ili mgawanyo ule uwe wa haki. Basi kama kugawa chakula kwahitaji watu wenye kujaa Roho Mtakatifu, mkatekumeni anayejitayarisha kwa ubatizo yampasa alifikiri jambo hilo kwa makini.

II. Bei ya njaa hulipwa na nani?

Kabla ya kuhukumu, yafaa kwanza kuona. Mifano miwili yatosha.

Mfano wa kwanza ni mihogo michungu. Mihogo hiyo ina sumu ndani yake. Wazee walijua hivyo, ndiyo maana waliiloweka majini siku 3 au 4, kisha wakaianika juani. Njaa ikibana, siku hizo zapunguzwa kuwa 2, au 1. Hapo sumu hubaki katika unga. Na ikiwa nyumba haina maharagwe wala samaki ya kuusaidia mwili, mtu aliyelala mzima aweza kuamka asubuhi miguu yake imekakamaa, asiweze tena kutembea sawasawa maisha yake yote. Ugonjwa huo huitwa konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mpaka leo hapana dawa ya kuuponya. Nao wanaoshikwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Wanaume wazima hushikwa mara chache zaidi.

Waganga waliochunguza ugonjwa huo katika nchi ya Bandundu waliona jambo jingine. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa miaka ya 1970, mihogo ikawa bidhaa yenye kutafutwa sana mjini. Watu wakafupisha siku za kuloweka ili wauze upesi. Basi ugonjwa haukuletwa na ukame peke yake. Haraka ya kupata fedha nayo ilifungua mlango. Lakini yajulikana pia njia ya kujikinga, nayo haina gharama: unga wa mihogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sehemu kubwa ya sumu hutoka hewani kabla ya kupikwa. Kinachotakiwa ni subira tu ya mpishi, na subira ya wanaomngoja.

Mfano wa pili ni bwaki. Hivyo ndivyo watu wa Bushi wauitavyo ugonjwa wa mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zake zikibadilika rangi, akakaa kimya pembeni asitake kucheza wala kula. Waganga huuita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana, na Mama Cicely Williams, mganga wa watoto, alilitia katika maandiko ya waganga mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Pale Lwiro, karibu na Bukavu, waganga waliuchunguza ugonjwa huo kwa bidii miaka ya 1950 na 1960. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi si mtoto asiyekula kabisa. Tumbo lake hujazwa ugali wa mihogo mtupu. Kilichokosekana ni maharagwe, yai, samaki, maziwa, yaani vile vitu vidogo ambavyo, vikipatikana, hutangulia kwenda katika sahani nyingine.

Wala mambo hayo si ya zamani. Hesabu iliyofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ilionyesha ya kuwa watoto zaidi ya 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao, kwa sababu ya kukosa chakula kifaacho. Na mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 25 katika nchi hii walihesabiwa kuwa katika njaa kali.

Basi, bei ya njaa yajulikana hulipwa na nani. Hulipwa kwanza na mtoto mdogo, na mama mwenye mimba, na mama anyonyeshaye.

III. Sababu wanazozitoa watu

Katika nyumba nyingi baba hupakuliwa kwanza, na kitoweo kizuri ni chake. Wana wakubwa hufuata. Mama na wadogo hula kilichobaki, na siku nyingine kilichobaki ni ukoko wa chungu. Wenye kufuata desturi hiyo si watu wabaya wote. Wana sababu zao, na ni haki kuzisikiliza moja moja.

Sababu ya kwanza husemwa hivi: baba ndiye afanyaye kazi, na mfanya kazi asipokula, wote watakosa. Sababu hiyo si ya upuuzi. Mtume Paulo naye, katika barua yake ya pili kwa Timoteo, amtambua mkulima mwenye jasho kuwa na haki ya kutangulia wengine katika mavuno. Lakini mwenye kuitumia sababu hiyo yampasa aifuate mpaka mwisho wake. Nani aliyelima? Nani aliyepanda na kupalilia? Nani aliyeteremka bondeni kuchota maji kabla ya jua, akapanda mlima na mzigo wa kuni jioni, akatwanga, akapika, na usiku akamnyonyesha mtoto? Kama haki ya kula yapimwa kwa jasho, basi katika vijiji vingi mizani hiyo yamwelekea mama. Mwenye kuleta mizani sokoni hana ruhusa ya kuificha inaposema kinyume chake.

Sababu ya pili husemwa hivi: ndiyo desturi ya wazee. Desturi nyingi za wazee ni njema, na Kanisa halikuja kuzing'oa. Kula wote katika sahani moja, kumkaribisha apitaye, kumwachia mtoto kipande cha mwisho: hayo ni karibu na Injili. Lakini katika sehemu nyingi za nchi zetu kulikuwa pia na miiko iliyomkataza mwanamke au mtoto yai, au kuku, au nyama fulani. Na mahali pengine miiko hiyo haijaisha. Desturi ni kama ua wa zizi. Ua hujengwa ili chui asile ng'ombe. Ng'ombe wakianza kufa kwa kiu ndani ya ua, mchungaji mwenye akili hufungua mlango, awapeleke mtoni. Haketi chini akasema: ua huu ulijengwa na babu. Kuwaheshimu wazee ni kulinda kile walichotaka kukilinda, nao walitaka ukoo uishi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo husemwa kwa sauti ya chini: mtoto akifa, mwingine aweza kuzaliwa, baba akifa, nyumba imekwisha. Watu waliopita katika njaa kubwa wameyajua maneno hayo. Mwaka 1943 na 1944, njaa ya Ruzagayura ilipoipiga Rwanda, watu wengi mno walikufa, na wengine wakakimbilia Kongo. Katika siku kama hizo mtu hasemi kwa sababu ya uroho; asema kwa sababu ya hofu. Basi ajibiwe kwa upole, lakini ajibiwe.

Ni kweli ya kuwa baba akianguka, nyumba yatikisika. Kwa hiyo hapana mtu aliyesema baba asile. Yampasa ale kiasi cha kuweza kufanya kazi. Lakini maneno kwamba mtoto mwingine atazaliwa hayawezi kutoka kinywani mwa Mkristu. Atakayezaliwa atakuwa mtu mwingine. Huyu aliyepo ameumbwa na Mungu mara moja, kwa sura yake Mungu, na jina lake halitapewa roho nyingine. Mbuzi hubadilishwa kwa mbuzi. Mtu habadilishwi kwa mtu.

Tena kuna jambo la kupimwa kwa akili tu, hata bila imani. Mtu mzima mwenye afya, akikosa kitoweo mwezi mzima, hukonda. Mavuno yakija, mwili wake hurudi. Mtoto wa chini ya miaka 2, akikosa kitoweo wakati wa kukua, kimo chake na akili yake hupungukiwa, na mavuno yajayo hayawezi kurudisha yote yaliyopotea. Hapo yapatikana kanuni ambayo mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, aweza kuishika: njaa ikilazimisha kupoteza kitu, na kipotezwe kile kitakachorudi.

Kwa kanuni hiyo mambo mengi huwa wazi. Mbuzi hurudi, miguu iliyofungwa na konzo hairudi. Basi ni afadhali kuuza mbuzi kuliko kufupisha siku za kuloweka mihogo. Fahari ya arusi hurudi. Ukuaji wa mtoto haurudi. Basi ni afadhali kualika watu wachache kuliko kumaliza maharagwe ya miezi 3 kwa siku 1. Pombe ya ndizi hurudi kila juma. Na mbegu? Mbegu iliyoliwa ni mavuno yaliyoliwa, kwa hiyo ilindwe kwa nguvu zote. Lakini uhai nao haurudi. Ikiwa hakuna tena njia nyingine ya kuokoa roho ya mtu, mbegu na iliwe bila wasiwasi wa dhamiri. Daudi aliposhikwa na njaa yeye na watu wake, alikula mikate mitakatifu ambayo ilikuwa ya makuhani tu, na Bwana wetu Yezu Kristu hakumlaumu; bali alimtaja kuwa mfano mbele ya Wafarisayo.

IV. Mama alaye mwisho

Watu wengine watasema: mama mwenyewe ndiye apendaye kula mwisho, ni upendo wake, nani amzuie asipate thawabu? Neno hilo lina uzuri wake, na kwa ajili hiyo lina hatari.

Kujinyima kwa hiari kwa ajili ya mwingine ni fadhila kubwa. Lakini fadhila ya mmoja haimwondolei mwingine wajibu wake. Mama akimpa mtoto sehemu yake, amefanya tendo la upendo. Baba amwonaye akifanya hivyo kila siku, naye aendelea kula nyama yake bila neno, amefanya nini? Amekula upendo wa mke wake pamoja na nyama.

Tena kufunga ni tofauti na kunyimwa. Afungaye ana chakula mbele yake, naye akiacha kwa kumpenda Mungu. Anyimwaye hana la kuacha. Kanisa, lililo mama na mwalimu, limeweka sheria ya kufunga kwa hekima. Kwa sheria iliyotolewa mwaka 1983, kufunga kwawabana waamini tangu wakiwa na miaka 18 hata waanzapo mwaka wao wa 60. Watoto hawabanwi. Wazee hawabanwi. Wagonjwa, wenye mimba na wanyonyeshao huhesabiwa kuwa na sababu ya haki ya kutofunga. Basi na wafikiri wenye nyumba: ikiwa Kanisa halimlazimishi mama anyonyeshaye kufunga hata Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, siku ya mateso ya Bwana, ni desturi gani iliyo na mamlaka ya kumfungisha kila jioni mwaka mzima? Na ikiwa Kanisa lamwachia mtoto ale katika Kwaresima, nani amwekea mtoto Kwaresima isiyo na Pasaka?

Baba ni kichwa cha nyumba. Lakini katika Ukristu kichwa ni yule aliyejifunga kitambaa akawaosha wengine miguu. Mamlaka ya baba mbele ya chungu ni mamlaka ya kugawa kwa haki. Kugawa kwa haki hakumaanishi vipande sawasawa kwa kila mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha ya kuwa haki ya mgawaji hufuata uwiano, yaani kila mmoja kwa kadiri impasayo. Katika nyumba yenye njaa, kadiri hiyo yaonyeshwa na haja: mgonjwa, mtoto mdogo, mwenye mimba na anyonyeshaye wapewe kwanza kitoweo, wenye kazi nzito, waume kwa wake, washibishwe ugali, na mwenye nguvu zaidi asubiri zaidi.

V. Mgeni mlangoni

Siku hizi swali la chungu halimalizikii kwa watoto wa nyumba. Tangu vita vya mwaka 1996, watu wa Kivu na Ituri wamekimbia mara nyingi, wakarudi, wakakimbia tena. Wengi wa waliokimbia hawakai kambini; hupokelewa katika nyumba za wenyeji, nyumba ambazo zenyewe hazina akiba. Watu 7 hupokea watu 6, na chungu ni kile kile. Je, mwenye nyumba yampasa ampe mgeni sehemu ya watoto wake?

Katika njaa watu wengine hupika usiku wa manane, ili jirani asione moshi. Kabla ya kuwahukumu, yafaa kutenganisha mambo mawili. Apikaye usiku kwa sababu ana kikombe kimoja cha unga, na watoto wanne wanamlilia, huyo hajaiba haki ya mtu. Upendo una mpango wake. Mtume Paulo amwandikia Timoteo kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumba yake mwenyewe. Mungu hamdai mzazi amtoe mtoto wake kinywani kipande cha mwisho. Lakini apikaye usiku kwa sababu ghala lake lina magunia matatu, na jirani yake hajala tangu juzi, huyo hauogopi moshi. Amwogopa ndugu yake. Kile kinachozidi mahitaji ya nyumba, katika saa ya njaa ya mwingine, kimeacha kuwa chake peke yake. Mababa wa Kanisa walifundisha hata kwamba mtu asiyemlisha anayekufa kwa njaa, ilhali aweza, amemwua. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano uliyakumbusha mafundisho hayo mwaka 1965.

Na ile kanuni ya kitakachorudi yafaa hapa pia. Mbuzi wa mwenyeji atarudi. Uhai wa mgeni hautarudi. Kwa hiyo mwenyeji asiyeweza kutoa sehemu ya watoto wake, na atazame kama hana kingine cha kutoa kabla ya kusema hana kitu.

Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Nabii Eliya alimwomba mkate. Mjane hakuficha neno: alisema waziwazi ya kuwa hicho ni chakula cha mwisho chake na cha mwanawe. Yafaa kuona kwamba Eliya hakumkasirikia kwa kusema hivyo. Alimwomba tena, akampa na ahadi ya Mungu; na mjane, na mwana, na mgeni wakala pamoja siku nyingi. Hapo mna fundisho kwa wageni pia. Mgeni hachukui tu; Eliya alileta neno la uzima. Wahenga wetu nao husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo si ya kumfukuza mgeni. Jembe ni heshima: ni kumwambia ya kuwa sasa yeye ni mtu wa hapa. Lakini mwenye kumpa mgeni jembe ampe na mahali pa kulima, maana jembe bila shamba ni mzaha.

Tena mzigo wa nyumba moja usiachwe juu ya nyumba moja. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikusudia Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai. Shirika linalokutana kusali bila kuuliza ni nyumba gani imelala na njaa halijafika bado mahali lilipotumwa. Nyumba 10 zikitoa kila moja kopo 1 la maharagwe kwa juma, nyumba yenye wageni hupata makopo 10, wala hapana iliyoharibikiwa.

VI. Mwenye ghala

Kuna mtu ambaye njaa ya wengine ni soko lake. Afika katika mwezi wa kumi na mmoja, azunguka shamba la jirani lenye mihogo isiyokomaa, atoa nusu ya bei, au chini ya nusu, na jirani akubali. Mtu huyo akiulizwa, ajibu: sikumlazimisha, amekubali mwenyewe. Tena awaita wanawake walime shamba lake tangu asubuhi hata jioni, awalipa beseni moja la mihogo, naye ajibu vilevile: wamekubali.

Papa Leo wa 13 alikwisha kulijibu neno hilo mwaka 1891, alipoandika juu ya mshahara wa wafanya kazi: mtu anayekubali masharti mabaya kwa kuwa njaa yamsukuma, ameonewa, ijapokuwa amesema ndiyo. Ndiyo ya mwenye njaa mara nyingi ni kilio. Mwenye ghala aweza kununua, na aweza kuajiri. Kazi ni njema, na nunuzi la haki ni msaada. Lakini bei na iwe ile ambayo angeikubali yeye mwenyewe kama chungu kitupu kingekuwa chake. Yusufu huko Misri aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno ya miaka 7 ya shibe, na akiba hiyo ikawa wokovu wa nchi nyingi. Ghala ni baraka. Mungu hatauliza kwa nini mtu alikuwa nalo. Atauliza lilifunguliwa lini, na kwa bei gani.

VII. Maulizo na majibu

U. Je, kugawa chakula nyumbani ni jambo la dini?
J. Ndiyo. Mitume waliwawekea mikono watu 7 kwa ajili ya kazi hiyo, na Bwana wetu siku ya mwisho atahukumu watu kwa chakula walichowapa au walichowanyima wadogo.

U. Chakula kikiwa kidogo, kitoweo kiwe cha nani kwanza?
J. Kiwe cha mgonjwa, cha mtoto mdogo, cha mwenye mimba na cha anyonyeshaye, kwa kuwa njaa huwanyang'anya vitu visivyorudi.

U. Je, baba akila mwisho hupoteza heshima?
J. Hasha. Aliye mkubwa katika ufalme wa Mungu ni yule ahudumiaye.

U. Je, ni dhambi kula mbegu?
J. Kuila mbegu kwa uvivu au kwa anasa ni kosa. Kuila ili kuokoa uhai, njia nyingine zikiwa zimekwisha, si dhambi.

U. Je, yampasa mtu amlishe mgeni kuliko watoto wake?
J. Watoto hutangulia katika kile kilicho cha lazima. Lakini kinachozidi ni haki ya mwenye njaa, wala kukificha hakuwezi kuitwa akiba.

U. Mkatekumeni afanye nini jioni ya leo?
J. Kabla ya kusali sala ya chakula, atazame sahani ya kila mmoja. Mtume Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa sababu katika mkutano wao wa Ekaristi mmoja alikuwa ameshiba, na mwingine alikuwa na njaa. Atakaye kuikaribia meza ya Bwana siku ya ubatizo wake, na aanze kuitengeneza sasa ile meza iliyo nyumbani mwake.